Paa wangapi? Msamiati kwa watahiniwa wa kidato cha nne

Mtajie mtahiniwa wa kidato cha nne neno thurea, atakudakia hujamaliza kulitamka: thurea ya nyota! Mtajie bumba, atakwambia la nyuki. Sasa soma insha yake kuhusu safari ya usiku: "Kulikuwa na nyota nyingi sana." Thurea, yaani kundi la nyota, imebaki daftarini.

Katika warsha zetu na walimu wa Kiswahili nchini Kenya, lalamiko ni lile lile kila mwaka, kwamba wanafunzi hawana msamiati. Mimi naona wanao, tena wa kutosha. Wamekariri orodha hadi usiku wa manane, ila hawajazoea kulisaka neno kichwani pasipo mtu wa kuwatajia nusu yake.

Na mtihani unataka hilo hasa. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, ina alama 80: ufahamu 15, muhtasari 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii (matumizi ya lugha katika jamii) 10. Kwenye ufahamu mtahiniwa huulizwa maana ya neno jinsi lilivyotumika katika kifungu. Aliyekariri kuwa kaa ni keti ataduwaa akimkuta kaa wa pwani, au kaa la moto jikoni.

Kwa hiyo, mwalimu, andika PAA ubaoni. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, ndege hupaa, na mvuvi humpaa samaki, yaani humtoa magamba. Vikundi vishindane kuzibeba maana zote nne katika sentensi moja. Mfano: "Aliyekuwa akipaa samaki alishtuka kumwona paa amepaa hadi juu ya paa." Ni upuuzi mtupu, na ndiyo maana darasa zima litaikumbuka. Vitate navyo, yaani maneno yanayokaribiana kwa matamshi, ni vivyo hivyo. "Mama aliniambia nifue shati, nikalivua mbele ya wageni." Baada ya kicheko hicho, sijui nani atachanganya tena fua na vua.

Isimujamii ina mchezo wake. Wanafunzi wawili wawe utingo na abiria wanaogombania chenji, waachiwe Sheng yao yote, ile lugha ya vijana wa mitaani. Kisha ugomvi ule ule upelekwe kortini: pawe na hakimu, mshtakiwa, kiongozi wa mashtaka, shahidi, ombi la dhamana. Atakayeteleza akamwita hakimu "buda" anatozwa faini ya kutunga sentensi tatu. Wapo wenzangu wanaotaka Sheng ifukuzwe darasani kabisa. Siwaungi mkono, kwa sababu bila kuisikia kando ya lugha ya korti, sajili, yaani mtindo wa lugha wa mahali au shughuli fulani, hubaki kuwa fasili ya kukariri tu.

Hata hivyo, neno lililochekesha Jumatatu linaweza kuwa limepotea ifikapo Ijumaa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: usahaulifu huja kwa kasi sana katika saa za mwanzo, kisha hupungua mwendo. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner akaeleza njia ya kadi na visanduku ambayo haigharimu chochote. Kata maboksi ya biskuti yawe kadi. Upande mmoja andika sentensi yenye pengo: "Waliniletea ______ la kuni." Nyuma andika tita. Tafuta makopo matatu. Kadi za kopo la kwanza zipitiwe kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inasonga kopo la mbele; ukikosa, inarudi la kwanza, hata kama ilikuwa imefika la tatu. Jibu litamkwe kabla ya kugeuza kadi. Kuchungulia kisha kusema "nilikuwa najua" hakuhesabiki.

Kadi mpya kumi kwa siku zinatosha, na muhimu ziandikwe na mwanafunzi mwenyewe kutokana na maneno yaliyomshinda juma hilo. Kwa walio bweni, ambako simu haziruhusiwi, zinaingia mfukoni mwa shati na kutoka kwenye foleni ya chakula.

Mzazi naye asijitoe. Mnapoosha vyombo jioni, muulize kijana wako kaa ni nini. Akijibu "kuketi", mwambie aendelee.