Land Rover ya zamani haijulikani kwa sura

Ukipita Mwanjelwa au Uyole jijini Mbeya, au Mafinga mkoani Iringa, siku haiishi hujakuta Land Rover kuukuu imeegeshwa kando, kioo kimebandikwa karatasi ya "inauzwa". Dalali atakutajia modeli, Series II, IIA au III, kabla hujauliza. Mara nyingi anakosea, na si kila mara kwa hila. Mengi tunayoyaamini kuhusu gari hizi tumeyasikia gereji, na hakuna aliyeinama chini kuyahakikisha.

"Taa kubwa zikiwa kwenye madigadi, hiyo ni Series III." Kauli hii ndiyo iliyowatia hasara watu wengi ninaowajua. Ni kweli kwamba Series II ya 1958 na IIA za mwanzo, zilizoanza 1961, taa zao ziko katikati, karibu na shoo, yaani ule wavu wa mbele ya gari. Lakini taa zilihamishiwa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960, IIA ikiwa bado inatengenezwa. Series III ilikuja 1971. Kwa hiyo taa za pembeni zinakuambia tu kwamba gari si la mwanzo mwanzo, basi. Shoo ya plastiki nayo ni ya Series III, ila inafungwa kwa skrubu chache, na fundi akiwa na ya akiba anaibadilisha kabla chai haijapoa. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa imeungwa kwa boliti, ndiyo maana imedumu kwetu, na ndiyo maana sura yake haiaminiki.

Mjomba wangu wa Mafinga aliuziwa "Series III" kwa sababu ya sura hiyohiyo. Giaboksi ilipokufa aliagiza vipuri vya Series III, vikagoma kukaa. Tulipolala chini ya gari na brashi ya waya, namba ya chasisi ilianza na 25. Hiyo ni IIA ya petroli, ile ndefu iitwayo 109. Series III yenye urefu huo mara nyingi huanza na 91.

Ukitaka dalili bora kuliko taa, ingia ndani. Kwenye II na IIA geji ziko katikati ya dashibodi; kwenye Series III zimehamia mbele ya dereva. Kisha endesha. Ukirudisha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili ikasaga usipopiga klachi mara mbili, huenda hiyo ni giaboksi ya zamani, kwani Series III ndiyo iliyowekewa sinkro, vile vipete vinavyofanya gia ziingie bila kusaga, kwenye gia zote nne za mbele. Nasema huenda, kwa sababu giaboksi nayo huhama gari, na iliyochakaa husaga hata kama ni ya Series III.

"109 ni mwaka wake," au "ni ukubwa wa injini." Hapana. Ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, karibu sentimita 277. Ile fupi ni 88, kama sentimita 223 na nusu. Beba futikamba. Ila 109 na 110 zinapishana inchi moja tu, na kwenye barabara ya Makete yenye mashimo utapimaje inchi moja? Chungulia springi. Za 109 ni vyuma bapa vilivyolaliana kama vya lori. 110, iliyotoka 1983, ina springi za koili.

Na anayekuuzia "Defender ya 1985" anakuuzia jina tu. Jina Defender lilianza kutumika 1990. Gari lenyewe linaweza kuwa 110 halali kabisa, lakini usilipie jina.

"Bodi ni aluminiamu, haili kutu." Bodi ndiyo, kwa sehemu kubwa. Chasisi ni chuma, ukuta kati ya injini na abiria ni chuma, na mvua za Tukuyu hazina huruma na chuma. Hapa sumaku ndogo inasaidia sana: isiponasa kwenye digadi, hiyo ni aluminiamu, ikinasa, digadi hilo limefinyangwa kwa bati na fundi wa hapahapa. Si dhambi, ila bei ishuke.

"Kadi ya gari imeandikwa hivyo, basi ndivyo." Kadi ni muhimu, lakini kadi haijui kilichoko chini ya gari mpaka wewe ulinganishe. Kwenye II, IIA na III namba imegongwa kwenye chasisi upande wa kulia mbele, panaposhikia springi, na kwa kawaida imefunikwa na tope, grisi na rangi ya miaka arobaini. Tumia mafuta ya taa na brashi, kisha sugulia unga wa chaki mpaka tarakimu zijitokeze. Usikubali mtu akusaidie kwa grainda. Kwenye gari nyingi, tarakimu tatu za mwanzo zinataja aina, urefu, injini na upande wa usukani. Herufi ya mwisho haitaji mwaka, inaonyesha mabadiliko ya kiufundi, na ilianza upya kwa A Series III ilipoingia. Namba ya chasisi ikitofautiana na ya kadi, ondoka, hata kama gari linawaka kwa funguo ya kwanza.

Injini sina mengi ya kusema. Nyingi huku zimeshabadilishwa, kwa hiyo isikupe wala kukunyima jibu.

Mjomba hakuliuza lile gari. Aliagiza vipuri vya IIA, vikakaa, na sasa linashusha viazi kutoka Kitulo likiwa na uso wa Series III. Mtu akiliulizia bei, kwanza anamwonyesha namba.