Mayeloma: kabla hujasoma, hakikisha jina

Binti mmoja aliingia kliniki na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kurasa alizochapisha steshenari, zote zikieleza saratani ya mifupa inayowapata zaidi vijana na kutibiwa kwa upasuaji. Baba yake ana miaka 68, na ugonjwa wake ni mayeloma.

“Shikamoo daktari. Kwa hiyo watamkata mguu?”

Nyumbani walikuwa wakisema “kansa ya mifupa” kwa kuwa mgongo ndio uliomsumbua, naye akatafuta jina hilo hilo. Lakini mayeloma huanzia kwenye uboho, ute ulio ndani ya mifupa. Seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, huzaana ovyo: mifupa inalika, damu inapungua, na protini zake huziba vijibomba vya figo. Kwa hiyo nakili jina kutoka kwenye majibu ya kipimo, herufi kwa herufi. Ukikosea kidogo tu unaangukia melanoma, saratani ya ngozi.

Halafu tazama tarehe ya makala. Dawa ya bortezomibu iliidhinishwa Marekani 2003, na lenalidomidi ikaidhinishwa kwa mayeloma 2006. Makala za zamani zinazotaja miaka ya kuishi zinazungumzia watu ambao hawakuzipata dawa hizo. Nimewahi kumwona mzee akiacha matibabu kwa sababu ya sentensi moja ya namna hiyo, na bado inaniuma.

Mimi huwaelekeza watu kwenye vijitabu vya bure vya International Myeloma Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa 1990, na vya Myeloma UK ya Uingereza. Kama Kiingereza kinampa mgonjwa shida, someni wawili, mmoja akimtafsiria mwenzake taratibu, na lisiloeleweka liandikwe aulizwe daktari.

Anzeni na sehemu ya figo. Huko mtakuta onyo kuhusu dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zinaweza kuziumiza figo ambazo tayari zimeelemewa. Huku kwetu zinanunuliwa duka la dawa bila swali, na mwenye mgongo unaouma ndiye mteja wake.

Binti aliisoma sehemu hiyo palepale mezani kwangu, kidole kikifuata mstari. Akanyamaza. Kisha akatoa simu: “Mama, hebu angalia chini ya mto wa baba. Zile za njano anazomeza usiku, zinaitwaje?”

Mchana huo huo tukampima figo.