Je, wajua kwa nini projekta ya boksi la viatu huandika kinyumenyume?

Chukua boksi la viatu, toboa tundu upande mmoja, bandika lenzi, weka simu ndani, funga kifuniko, zima taa. Ukutani inatokea picha ya upana wa mita moja na zaidi. Video za kufundisha jambo hili zimejaa mtandaoni, na nyingi hukuonya mapema: picha itatoka kichwa chini miguu juu, kwa hiyo ipindue simu. Ukiipindua huku inaonyesha mechi ya mpira, kweli wachezaji wanasimama kwa miguu yao. Sasa tazama migongo yao. Majina yanaanzia kulia kama Kiarabu, 7 imegeukia upande usio wake, na matokeo ya mechi yamehama kona. Mimi niligundua hilo mbele ya watoto wanne waliokuwa wanasubiri filamu yenye tafsiri ya maandishi.

Kabla ya kulaumu lenzi, tujiulize kwanza picha inafikaje ukutani.

Kila nukta ya skrini inatupa mwanga pande zote. Ukielekeza simu ukutani bila lenzi, kila sehemu ya ukuta inapokea mwanga wa nukta zote kwa pamoja, nyekundu ya huku ikichanganyika na kijani ya kule, na unachoona ni weupe usio na sura. Inatakiwa njia ya kuzitenganisha. Ya kwanza ni tundu dogo, na waliokulia kwenye nyumba ya bati wameiona mara nyingi bila kuitilia maanani: vile viduara vya mwanga vinavyoanguka sakafuni kupitia matundu ya misumari ni picha za jua lenyewe. Hata tundu dogo likiwa la pembe tatu, sakafuni unapata duara. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete Rujewa, wilayani Mbarali, Tanzania, tundu la namna hiyo lilitosha kukuonyesha pete hiyo chini bila kuinua macho. Mwanasayansi Ibn al-Haytham aliichunguza tabia hii ya mwanga karibu miaka elfu moja iliyopita, kwa kutumia jua lililopatwa vilevile.

Ubaya wa tundu ni kwamba linapitisha mwanga kidogo mno. Lenzi ni kama tundu pana lenye akili: inapokea mwanga mwingi wa kila nukta, kisha inaukunja ukutane tena mahali pamoja ukutani. Mwanga wa juu ya skrini unatua chini, wa chini unatua juu, wa kulia kushoto. Hapo ndipo picha inapopinduka.

Lakini kupindua juu-chini na kulia-kushoto kwa mpigo ni sawasawa na kuizungusha picha nusu duara, na ulipozungusha simu ulishalimaliza hilo. Kinyume kilichobaki hakitoki kwenye lenzi. Kinatoka mahali ulipokaa. Simu inautazama ukuta, wewe uko nyuma yake, nawe unautazama ukuta huohuo. Ni kama mtu aliyeandika jina lake kwenye kioo cha dirisha akiwa nje, nawe unalisoma kutoka ndani. Slaidi za zamani hazikusumbua, kwa sababu mwanga ulipita katikati yake na mwonyeshaji aliweza kugeuza upande. Simu haina upande wa pili.

Tuje kwenye vipimo, maana watu wengi hukata boksi kwanza na kupima baadaye. Simama ndani ya chumba, kando ya ukuta unaotazamana na dirisha, usogeze lenzi mbele na nyuma hadi mti wa nje utokee ukutani ukiwa mdogo na umepinduka. Umbali kutoka lenzi hadi ukuta ndio fokasi yake. Huna lenzi ya kukuzia? Miwani ya kusomea inatosha: gawanya 100 kwa namba yake, kwa hiyo +5 ni sentimita 20 na +4 ni sentimita 25. Simu hukaa mbali kidogo kuliko fokasi. Kwa lenzi ya sentimita 20 na ukuta ulio mita 2, simu iwe sentimita 22 hivi nyuma ya lenzi. Picha itakua mara 9, yaani skrini ya sentimita 15 inakuwa sentimita 135. Usiigundishe simu mapema, kwani hata kuisogeza nusu sentimita tu kunatia ukungu.

Sentimita 135 zinasikika vizuri. Shida ni mwanga, na hapa ndipo pesa za wengi hupotea, kwa kununua lenzi ya pili na ya tatu wakidhani kosa liko huko. Mwanga wote unaotoka kwenye skrini ya simu haupishani sana na wa mshumaa mmoja. Katika huo, lenzi ya kipenyo cha sentimita 7 inanasa asilimia 2 au 3 tu, na mwingine unaishia kwenye kuta za boksi. Kinachofika ukutani hakifiki hata lumeni moja (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), wakati projekta ya kawaida ya darasani hutoa 3,000. Tena kiasi hicho kidogo kinatandazwa kwenye eneo lililokua mara 81. Sogeza boksi hadi mita 1 kutoka ukutani, urekebishe simu, na picha itakuwa na mwangaza karibu mara nne zaidi. Ila upana wake utakuwa sentimita 60, na TV ya inchi 32 inakushinda.

Ndiyo maana mafundi wanaotaka kitu cha maana huachana na mwanga wa simu. Wanachukua kioo cha LCD, yaani kile kinachochora picha, cha tableti iliyokufa, wanakibandua kutoka kwenye taa zake za nyuma, kisha wanakimulika kwa LED ya wati 100. Hata hapo, LCD yenye rangi inapitisha karibu asilimia 5 tu ya mwanga: vichujio vya mwanga vinakula nusu, vya rangi vinakula theluthi mbili ya kinachobaki, na waya zake nazo zinaziba. Mwanga ulioliwa unageuka joto, na bila feni kioo kinaharibika. LED nayo isiwashwe hata kidogo bila bati nene la aluminiamu la kupoozea. Inaungua ndani ya sekunde. Mwanga wake hunyooshwa kwa lenzi bapa ya plastiki yenye mistari ya duara, wazo la Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye lenzi yake ilianza kazi kwenye mnara wa taa wa Cordouan mwaka 1823.

Ukijumlisha LED, feni, lenzi na usiku uliopoteza, huenda ukakaribia bei ya projekta ndogo ya dukani, ambayo ndani yake mara nyingi ni LCD moja na LED moja vilevile. Ukienda kununua, tafuta lumeni zenye neno ANSI, yaani zilizopimwa kwa utaratibu maalumu. Tarakimu kubwa za kwenye boksi zisikutishe.

Na yale maandishi? Kuna programu za video zinazogeuza picha, lakini dawa rahisi ni shuka jeupe jepesi. Litundike mlangoni, boksi libaki chumbani, watazamaji wakae sebuleni upande wa pili wa shuka. Sasa wanaiona picha kwa nyuma, na 7 inarudi kuwa 7. Shuka likiwa zito, linyunyizie maji: yanajaa kati ya nyuzi na mwanga unapenya zaidi. Weka beseni la kukinga matone, mbali na boksi lenye simu.