Seva Moja, Watumiaji 40: Pima Kungoja Kabla ya Kununua RAM

Mwaka jana niliitwa kuitazama seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo chenye makao yake Mbale, Uganda. Makarani wa matawi ya Kapchorwa, Soroti na Tororo hufanya kazi zao zote ndani ya seva hiyo kwa njia ya xrdp, programu ya kuitumia kompyuta ya Linux kutoka mbali: kompyuta ya tawini huonyesha picha tu, huku programu ya hesabu, LibreOffice na kivinjari vikiendeshwa Mbale. Mashine ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 64 na watumiaji 40. Kila siku, ilipokaribia saa tatu asubuhi, simu ilikuwa ile ile: "Fundi, mashine imeganda tena, na wanachama wamejaa hapa mbele." Uongozi ulikuwa umekwisha kuulizia bei ya RAM zaidi. Niliomba wiki moja kwanza.

Wengi huanza na amri ya free, inayoonyesha matumizi ya RAM, kisha wakaisoma vibaya. RAM inayoonekana "free" haitoshi kukupa jibu, kwa kuwa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachogawa RAM, hutumia nafasi iliyobaki kuhifadhi nakala za faili zilizosomwa karibuni, na huiachia programu inapohitajika. Safu ya "available" inafaa zaidi. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote, hata hivyo, kimo katika /proc/pressure/memory, kilicholetwa na keneli 4.20 mwaka 2018. Hakikuambii RAM imejaa kiasi gani. Hukuambia kazi zimekwama muda gani zikiingoja. Mstari wa "some" ukionyesha avg60=30.00, maana yake ni kwamba katika sekunde 60 zilizopita, kwa asilimia 30 ya muda huo, walau kazi moja ilikuwa imesimama kwa kukosa kumbukumbu.

Kule Mbale namba hiyo ilipita 30 kila asubuhi, ilhali swapu, yaani sehemu ya diski inayopokea data zinazotolewa kwenye RAM, ilikuwa karibu tupu na diski ilikuwa ikisomwa bila kupumzika. Aliyenitangulia alikuwa ameweka vm.swappiness=1, mpangilio unaoielekeza keneli itumie swapu kwa kiasi gani, kwa imani iliyoenea sana kwamba swapu ni adui wa kasi. Namba hiyo si asilimia ya RAM ambayo ikifikiwa swapu huanza kutumika. Ni makadirio ya gharama: keneli inapotaka kupata nafasi, je, ni nafuu kuhamishia kwenye swapu data za programu zilizolala, au kutupa kurasa za faili (vipande vya faili vilivyohifadhiwa kwenye RAM) ambazo itaweza kuzisoma tena? Thamani ya kawaida ni 60. 100 huzihesabu gharama hizo mbili kuwa sawa. Na tangu keneli 5.8 inaweza kupandishwa hadi 200, jambo linalofaa pale swapu inapokaa ndani ya RAM yenyewe kwa kubanwa, kama ilivyo kwa zram.

Ukiweka 1, keneli hutupa kurasa za faili kwanza, na miongoni mwa kurasa hizo umo msimbo wa programu zenyewe, yaani maagizo yanayoziendesha. LibreOffice ya watu 40 hukaa kwenye RAM kwa nakala moja ya msimbo inayotumiwa na wote (ndiyo maana kujumlisha safu ya RES, yaani RAM ya kila programu, ya amri ya top hutoa jumla kubwa kuliko hali halisi, tumia kipimo cha PSS, ambacho hugawa sehemu ya pamoja kwa programu zinazoitumia). Nakala hiyo ikitupwa, karani wa Soroti anayebofya menyu hungoja isomwe upya kutoka diskini, na wenzake hungoja pamoja naye, huku vichupo vya kivinjari ambavyo mtu alivifungua Ijumaa na kuvisahau vikiendelea kukalia RAM. Nilirudisha 60 na kuongeza swapu ya SSD hadi GB 16. Kufikia Jumatano, kipimo cha kungoja kilikuwa chini ya 5.

Kilichobaki kilikuwa kivinjari. Mtumiaji mmoja alikuwa peke yake akishika zaidi ya GB 7. Si haki mtu mmoja awasimamishe watu 39, wala si haki kumlaumu, maana hakuna aliyemwekea mpaka. Katika saraka ya /etc/systemd/system/user-.slice.d niliweka faili yenye MemoryHigh=2G na MemoryMax=3G chini ya kichwa cha [Slice]. Akipita mpaka wa kwanza, kazi zake hupunguzwa mwendo na keneli humpokonya kumbukumbu. Akigonga wa pili na ikashindikana kupata nafasi, programu huuawa ndani ya eneo lake tu. Mara 40, GB 2 ni 80, zaidi ya RAM iliyopo, lakini watu hawafikii kilele kwa pamoja.

Mwisho ni vikao vilivyoachwa. Nilishauriwa kuviua baada ya dakika 15, nikakataa. Umeme ukikatika Kapchorwa, kompyuta ya karani huzima, lakini kazi yake hubaki salama Mbale ikimngoja, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mpango huu mzima. Katika sesman.ini, faili ya mipangilio ya xrdp, niliweka KillDisconnected=true na DisconnectedTimeLimit=36000, yaani muda wa saa kumi: anayekatikiwa asubuhi huikuta barua yake ilivyokuwa, na kikao kilichosahauliwa saa kumi na moja jioni huondoka saa tisa usiku.