Paka hapimwi akiwa na hofu

Wengi wanaponisikia nikisema mimi ni daktari wa wanyama ninayewafuata majumbani, hudhani hiyo ni huduma ya wazungu wa fukwe za Paje na Nungwi, hapa Unguja. Kazi yangu kubwa iko Mji Mkongwe na Ng'ambo, kwa watu wa kawaida wenye paka wao, na kwa paka nina msimamo usioyumba: uchunguzi wa kweli hufanyika nyumbani. Kliniki ni ya yale ambayo nyumba haiwezi.

Fikiria anavyofikishwa kliniki. Anakamatwa kwa nguvu, anatiwa kikapuni au kwenye gunia, anapakiwa bodaboda kutoka Malindi mpaka Mwanakwerekwe, na akifika anakutana na harufu ya dawa na mbwa anayebweka. Hapo moyo unaweza kupita mapigo 200 kwa dakika. Presha inapanda, na sukari ya damu nayo inapanda kwa hofu tu, mara nyengine mpaka daktari mwenye haraka amwandikie kisukari asichokuwa nacho. Paka huyohuyo akiwa amelala juu ya kabati kwao hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Hesabu hiyo hata wewe unaiweza: mtazame kifua akiwa usingizini, kupanda na kushuka ni pumzi moja. Ikiwa siku baada ya siku inapita 30, niite, maana mara nyingi moyo au mapafu ndiyo yanayosema.

Lakini vipimo ni nusu tu ya faida. Nusu nyengine ni nyumba yenyewe.

Niliitwa Kiponda kwa bibi mmoja mwenye paka jike wa rangi ya majivu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, pita. Shingo imempinda, sijui kapigwa na nani." Nilimkuta paka chini ya kitanda, kichwa kimeinama mpaka kidevu kinagusa kifua, mboni zimetanuka, na alipojaribu kutembea miguu ya nyuma ilipepesuka. Kwenye meza ya kliniki ningeanza kufikiria kipigo au sumu. Pale ukumbini, kando ya mtungi wa maji, palikuwa na kisahani cha dagaa wabichi.

"Anakula nini, bibi?"

"Hao hao dagaa. Ukimpikia hawataki, basi miezi hii nampa wabichi."

Baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anayelishwa hao tu, wabichi, kila siku, huishiwa na vitamini hiyo mpaka ubongo unaanza kuathirika. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Nilimchoma sindano ya B1, nikamwachia bibi nyengine za kuendelea pamoja na maelekezo ya kuwapika dagaa na kuchanganya na kuku au maini kidogo. Kesho yake jioni bibi alipiga simu: kichwa kimeinuka. Ugonjwa huu ukiwahiwa hutibika upesi, ukicheleweshwa huua. Mtu angemleta kliniki, nikamuuliza anakula nini, angenijibu "samaki" na mazungumzo yangekwisha. Kila paka wa mji huu anakula samaki.

Namna ya kumshika nayo ina adabu yake. Sinyanyui paka kwa ngozi ya shingo. Naketi kwenye mkeka, nazungumza na mwenyeji, namwacha paka anizoee. Kisha naomba kanga ambayo mama wa nyumba ameivaa, haijafuliwa, maana ina harufu anayoijua. Namzungushia mwili mzima, kichwa nje, na natoa mguu mmoja mmoja ninaouhitaji. Natazama fizi: nikizibonyeza kwa kidole, rangi ya waridi irudi kabla ya sekunde 2. Kipimajoto nakiacha mwisho kwa sababu ndicho anachokichukia zaidi. Joto la kawaida ni kiasi cha 38 mpaka 39.2, kwa hiyo usishtuke ukimhisi ana moto kuliko wewe.

Kabla sijaondoka huomba kuonyeshwa dawa za nyumbani. Wenyeji hushangaa, lakini humo ndimo nilimoona hatari kubwa kuliko mitaani. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuichuja kama letu: damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka za buluu au kahawia, uso na nyayo vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, na wanaompa humpa kwa huruma, wamemwona ana homa. Ya pili ni dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini. Mbwa haimdhuru. Paka akipakwa hutetemeka, huanguka kifafa, na wengi hufa.

Mbwa nawafuata pia, Fuoni, Bububu na mashamba ya wasasi, yaani wawindaji. Wenyeji wengi hawawagusi kwa sababu ya udhu, nami naliheshimu hilo. Mlinzi au msasi mwenyewe ndiye anayenishikia. Mbwa hawa hakuna atakayewapandisha daladala, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa isipoletwa uani hawaipati. Naibeba kwenye boksi la barafu, nyuzi 2 mpaka 8, na mbwa anaweza kuchanjwa tangu miezi 3. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na katika kila kumi wanne ni watoto chini ya miaka 15. Wenzetu wa Pemba waliutokomeza mwaka 2014, ukarudi 2016, wakauondosha tena 2018, na silaha ilikuwa ileile, kuchanja mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa, aoshwe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza hakuna tiba.

Kuna maombi ninayoyakataa, na wengine hununa. Sifungui tumbo la mnyama kwenye meza ya kulia chakula, hata nyumba iwe safi vipi. Kumtoa jike kizazi kunataka chumba cha upasuaji, oksijeni na mtu wa kuangalia usingizi.

Na kuna jambo moja ambalo sitaki hata uningojee. Paka dume anayekwenda kwenye mchanga mara kwa mara, anachuchumaa, analia, anajilamba chini na hatoi kitu. Wenyeji huniambia "amefunga choo," wanampa mafuta ya nazi wakisubiri kukuche. Mara nyingi ni njia ya mkojo iliyoziba. Kibofu kinajaa mpaka ukikishika tumboni ni kigumu kama ndimu, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Hata saa nane za usiku, mtie kikapuni, tafuta gari, nenda kliniki yenye uwezo wa kumtia mpira wa mkojo, na nipigie ukiwa njiani ili niwaambie wajiandae.