Teleskopu ya ndege: mara 60 na saa yake

Kila msimu wa kaskazi, ninapowaongoza watazamaji wapya kwenye Hori la Mida, karibu na Watamu, hutokea jambo lile lile. Mtu huifunga teleskopu yake juu ya tripodi, huinamia lenzi ya jicho na, kabla hajampata hata ndege mmoja, mkono wake huwa umeshalizungusha gurudumu la kukuza mpaka mwisho, kwenye 60. Kisha huinua kichwa na kuniuliza kama chombo chake kina kasoro, kwa sababu anachokiona ni ukungu wa kijivu unaochezacheza. Mara nyingi chombo ni kizima kabisa.

Hesabu yake ni fupi. Ukirudi hatua moja nyuma ya teleskopu iliyoelekezwa angani, utaona kwenye lenzi ya jicho kiduara cheupe cha mwanga. Upana wake ni kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa kiwango cha ukuzaji. Teleskopu ya milimita 80 ikiwa kwenye 20 hutoa kiduara cha milimita 4, na ikifikishwa 60 hutoa cha milimita 1.3 tu, yaani eneo lake limepungua mara 9. Jua likiwa kali hutahisi upungufu wote huo, kwa kuwa mboni ya jicho nayo imebana hadi milimita 2 au 3. Lakini alfajiri, au mawingu yakitanda, giza linaloingia kwenye picha halifichiki. Wenye teleskopu za milimita 65 hubakiwa na milimita 1.1, na hapo huanza kuona hata vijitaka vinavyoelea ndani ya macho yao wenyewe.

Kuna mpaka mwingine ambao wauzaji hawautaji. Kwa kanuni ya mwanaastronomia Dawes, lenzi ya milimita 80 haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana kuliko sekunde 1.45 za pembe (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya digrii), ilhali jicho zuri hutenganisha takriban sekunde 60. Gawanya, utapata 41. Kupita hapo, unachokuza ni kile ambacho kioo kilishakionyesha: kinakuwa kikubwa, na pengine chepesi kwa jicho kukisoma, lakini si kipya.

Hata hivyo, adui mkubwa wa Mida ni joto. Maji yakipwa, ndege huenda mbali kwenye matope, matope hupata moto, na hewa iliyo juu yake hupanda kwa mafundo yanayopindisha mwanga. Mazigazi hayo yapo hata kwenye 20, ila kwenye 60 yanakuzwa pamoja na ndege, na hakuna kioo cha bei yoyote kitakachoyaondoa. Mwaka mmoja, saa 5 asubuhi, niliandika daftarini Charadrius leschenaultii, ndege mdogo wa pwani, kwa uhakika mkubwa, kwa kuwa kwenye 60 nilikuwa nimeuona mdomo mrefu, mnene. Mwenzangu alikataa. Tulisubiri hadi alasiri, maji yalipomsogeza ndege yule karibu nasi, nikaona kwenye 25 mdomo mfupi na miguu myeusi: alikuwa ndugu yake mdogo, ambaye vitabu vyetu vilimwita mongolus. Hewa ndiyo iliyourefusha mdomo. (Wapanga majina wamewahamishia jenasi nyingine siku hizi, ugumu wa kuwatofautisha haukuhama.)

Je, 60 haina kazi? Inayo, na mimi huitumia, ila kwa dakika chache kwa wakati. Watafiti wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya wamewavisha ndege wa pwani pete miguuni hapo Mida, na kusoma herufi za pete ya ndege aliye hai, asubuhi na mapema kabla matope hayajapata moto, ni kazi ambayo 30 haiitoshelezi. Humtafuta ndege kwenye 20, ambapo teleskopu nyingi huonyesha upana wa mita 35 hadi 40 kwa umbali wa mita 1,000, humweka katikati kabisa, ndipo huongeza ukuzaji taratibu na kurekebisha fokasi upya. Nikifika 60 huondoa mikono yote miwili. Miguu ya tripodi huwa nimeitanua na kuishusha, nguzo ya katikati haijapandishwa, na mkanda wa begani nimeuvua, maana mkanda unaopepea kwenye upepo wa kaskazi hutikisa picha kuliko mtu anavyodhani. Picha ikiwa bado inachemka, hurudi nyuma mpaka kingo za mdomo zitulie. Siku nyingi hutulia kati ya 30 na 40.

Kinachonisaidia kuliko gurudumu lile ni kuyajua maji. Siku za bamvua, bahari ya upande wetu hujaa karibu saa 10 alasiri, na ndani ya hori hujaa baadaye kidogo. Kadiri matope yanavyofunikwa, ndege hubanwa kwenye ukanda mwembamba kando ya mikoko. Chero, kama wengine wanavyomwita Dromas ardeola, aliyekuwa kidoti cheupe kinachotetemeka saa 5 asubuhi, husimama mita 80 kutoka kwangu, na kwenye 25 ninaweza kuona tope lililoganda kwenye magoti yake.