Trela, hifadhi za majimbo na makasha ya GPS: dhana potofu zinazoharibu safari Marekani

Anayepanga safari ya trela Marekani huanza na majina makubwa: Yellowstone, Grand Canyon, Yosemite. Hizo ni hifadhi za taifa. Lakini kila jimbo lina hifadhi zake, na zote kwa pamoja ni maelfu. Nyingi ziko karibu na miji, zina umeme kwenye nafasi za kambi, na njia zake za miguu zina makasha ya jiokeshi, ule mchezo wa kutafuta vyombo vilivyofichwa kwa kufuata majiranukta ya GPS. Wanaorudi nyumbani wamekasirika kwa kawaida walichagua hifadhi kwa picha. Kinachofaa ni kuchagua nafasi ya kambi yenyewe, kwa namba yake, na kuisoma maelezo yake yote kabla ya kulipa.

Dhana: "Nina pasi ya hifadhi za taifa, kwa hiyo nimeshalipia zote."

Pasi ya America the Beautiful ni ya serikali kuu. Kwenye lango la hifadhi ya jimbo haina kazi. Kila jimbo linajipangia: Missouri, Ohio, Pennsylvania na Arkansas hazitozi kiingilio, unalipia kambi tu. Minnesota inauza kibali cha gari, cha siku au cha mwaka. Michigan imeunganisha kibali na usajili wa gari, mwenye gari la jimbo hilo hukilipia anapohuisha namba. Aliyezoea hifadhi za Tanzania, ambako kila mtu hulipiwa kwa saa 24, atafurahi kuona kwamba hapa mara nyingi hulipiwa gari na wote waliomo ndani. Asisahau tu kwamba kiingilio na ada ya kambi ni vitu viwili, na kwamba majimbo kadhaa huwatoza wageni wa nje ya jimbo zaidi.

Dhana: "Nikiwahi Ijumaa mchana nitapata nafasi."

Kwenye hifadhi iliyo karibu na ziwa au bahari, nafasi za Ijumaa za kiangazi huisha siku ile ile dirisha la kuhifadhi nafasi mapema linapofunguliwa. Dirisha hilo huhesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya kufika: California miezi 6, New York miezi 9, Georgia miezi 13, Minnesota siku 120. Florida, tangu 2024, wakazi huanza miezi 11 kabla na wasio wakazi miezi 10, na mwezi huo mmoja unawanyima wageni nafasi nyingi za ufukweni. Ukikosa, tafuta usiku wa Jumapili hadi Alhamisi, kisha rudi kukagua siku chache kabla ya safari, kwa sababu watu hughairi muda wa kurudishiwa fedha unapokaribia kwisha.

Dhana: "Namba iliyo kwenye jina la trela ndiyo urefu wake."

Namba hiyo mara nyingi ni urefu wa chumba tu, au ni alama ya ramani ya ndani. Shingo ya mbele huongeza futi 3 hadi 4, na bampa, ngazi au kibebeo cha baiskeli huongeza tena nyuma. Trela inayoitwa 25 huweza kufika futi 28 au 29. Chukua futi ya utepe, pima kutoka ncha ya ndoano hadi kitu cha mwisho nyuma, uandike. Kisha pima gari linalovuta. Pikapu ya milango minne ina futi 19 hadi 20, hivyo msafara mzima unakaribia futi 50.

Sasa soma maelezo ya nafasi. Hifadhi nyingine hutaja urefu wa sehemu ngumu ya kuegesha, ikitarajia trela na gari vikae humo. Nyingine hutaja urefu wa trela peke yake. California hutoa vikomo viwili tofauti, kimoja cha trela na kimoja cha gari-nyumba. Kama maelezo hayasemi wazi, piga simu ofisi ya hifadhi na uulize maswali matatu: gari linaegeshwa wapi, sehemu hiyo ina mwinuko kiasi gani, na matawi yako chini kiasi gani. Kiyoyozi cha juu huifanya trela ya kawaida kufika futi 10 hadi 11.

Barabara nayo isomwe. Custer State Park ya South Dakota ni mahali pazuri mno, lakini handaki la Needles Eye kwenye Needles Highway lina upana wa futi 8 tu, wakati trela nyingi zina futi 8 hadi 8.5. Watu hufika hapo wakiwa na foleni nyuma yao. Acha trela kambini, barabara hiyo uipite kwa gari peke yake.

Mwinuko si suala la kulala vizuri tu. Friji ya gesi, ile isiyo na kompresa, hutegemea amonia kushuka yenyewe ndani ya mabomba. Trela ikiinama sana kwa saa nyingi, kimiminika hicho hukwama, sehemu ya joto huchemka kupita kiasi na friji hufa. Sawazisha upande kwa upande kwanza kwa mbao au vibao vya plastiki chini ya magurudumu, weka vizuizi vya magurudumu, ndipo utoe ndoano, na mwisho sawazisha mbele na nyuma kwa jeki ya shingo. Ukitoa ndoano kabla ya vizuizi, trela inaondoka.

Dhana: "Plagi ikiingia, umeme unatosha."

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Soketi ya ampia 30 hutoa volti 120, yaani wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi kinakula ampia 13 hadi 15. Hita ya maji ikiwa kwenye umeme inakula kama 12. Maikrowevu, 12 au 13. Viwili kwa pamoja vinakaribia kikomo, na cha tatu kikiwashwa breka inakata. Breka haina kosa, inafanya kazi yake. Peleka hita na friji kwenye gesi, na uzime kiyoyozi kwa dakika chache unapopasha chakula.

Soketi ya ampia 50 haimaanishi ampia 20 za ziada. Ina nyaya mbili za volti 120, kila moja ampia 50, jumla wati 12,000. Ndiyo maana trela yenye viyoyozi viwili huhangaika ikiunganishwa kwa adapta kwenye soketi ya 30: adapta hubadilisha umbo la plagi, haiongezi nguvu.

Aliyekulia kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya azingatie hili. Soketi ya trela ya ampia 30 ni ya volti 120, lakini inafanana kiasi na soketi ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo Marekani ni ya 240. Fundi asiyejua trela akifunga soketi hiyo nyumbani kwako, huweza kuiwekea volti 240, na siku ya kwanza unayochomeka, kibadilisha umeme, maikrowevu na televisheni vinaungua kwa mpigo. Mwonyeshe maandishi ya soketi, na upime kwa mita kabla ya kuunganisha.

Kambini zima breka ya nguzo, chomeka kifaa cha kulinda umeme, washa, subiri kisome, kisha zima tena na uunganishe trela. Nunua kile kinachokata umeme volti zikishuka, sio kile cha kuzuia mshtuko wa radi pekee. Alasiri ya joto, kambi nzima ikiwa imewasha viyoyozi, volti huanguka chini ya 105, na kompresa hulazimika kuvuta ampia nyingi zaidi hadi iungue. Kebo ndefu na nyembamba huzidisha tatizo. Kumbuka pia kwamba milango ya umeme na maji ya trela za Marekani iko upande wa dereva, yaani kushoto. Nguzo ikiwa upande mwingine, kebo ya futi 25 huenda isifike.

Dhana: "Nafasi yenye maji ina pia bomba la maji machafu."

Kwenye hifadhi nyingi za majimbo haina. Unapata umeme na pengine maji, halafu siku ya kuondoka unapita kituo cha kumwagia. Chagua idadi ya siku kwa kuangalia matangi. Tangi la lita 120 la maji ya sinki na bafu hujaa haraka watu wanne wakioga ndani ya trela, ilhali mabafu ya hifadhi yapo. Mwaga tangi la choo kwanza, la sinki baadaye, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Palipo na bomba la maji machafu, usiache koki ya tangi la choo wazi: maji hutoka, kigumu kinabaki na kukauka kuwa kichuguu ambacho hakitoki kwa urahisi.

Kwa maji safi, funga kidhibiti shinikizo kwenye bomba la hifadhi, sio kwenye trela, ili na mpira ulindwe. Shinikizo la pauni 45 hadi 50 kwa inchi ya mraba linatosha. Kama nafasi haina maji, jaza tangi ukifika hifadhini. Lita 150 ni kilo 150 ambazo gari halina haja ya kuzivuta safari nzima. Na kwenye majimbo ya kaskazini maji hufungwa kabla ya baridi kali, mara nyingi Oktoba, hadi majira ya kuchipua. Ada hushuka, lakini mabafu nayo huweza kufungwa.

Dhana: "Kuni za nyumbani ni akiba."

Kuni husafirisha wadudu. Dundu wa kijani anayeua miti ya ash aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, na funza wake, anayeishi chini ya gome, ameua makumi ya mamilioni ya miti. Ukiitazama kuni kwa nje huwezi kumwona. Nunua kuni karibu na hifadhi, au zile zilizopashwa joto kuua wadudu na kufungwa kwa muhuri. Ukitoka Pennsylvania au jirani zake, kagua pia matao ya magurudumu na chini ya trela: mayai ya mdudu aitwaye spotted lanternfly, aliyeonekana huko 2014, hufanana na tope la kijivu lililopakwa.

Dhana: "Simu itanifikisha juu ya kasha."

Simu ikiwa mahali wazi hukosea kwa mita kama 5. Aliyeficha naye alikosea kiasi chake, na chini ya miti mikubwa au kando ya jabali kosa huongezeka. Ikibaki mita 10, acha kuufuata mshale. Simama simu itulie, kisha ingia kutoka pande mbili au tatu tofauti na uangalie njia zinakutana wapi. Hapo tumia macho: vijiti vilivyopangwa sambamba, jiwe lisilo na udongo pembeni, gome lililokaa vibaya. Soma ukubwa uliotangazwa kabla ya kutafuta, maana kasha dogo kabisa halifiki mililita 100, na la kawaida ni lita 1 hadi 20.

Kosa kubwa zaidi ni la uandishi. Majiranukta ya jiokeshi huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali. Kasha la kwanza, lililowekwa na Dave Ulmer karibu na Beavercreek, Oregon, tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali kuacha kuvuruga GPS ya raia, lilikuwa N 45° 17.460 W 122° 24.800. Ukiandika 45.17460 badala yake, umejipeleka zaidi ya kilomita 12 kusini.

GPS haihitaji intaneti, ila ramani na maelezo ya kasha vinahitaji, na mtandao wa simu hukosekana kwenye hifadhi nyingi. Pakua kila kitu nyumbani. Programu rasmi huruhusu hilo kwa wanaolipia. C:geo ya Android huhifadhi bure.

Dhana: "Hifadhi yenye makasha mengi ndiyo bora."

Kanuni hutaka makasha yaachane kwa mita 161, hivyo njia ya kilomita 5 huweza kubeba kama 30. Idadi haisemi kama yapo. Angalia tarehe ya mwisho kupatikana: likiwa na ripoti nne mfululizo za "sikulipata", liache. Angalia ugumu wa kulipata na mandhari, yaani ugumu wa eneo lenyewe, vyote kwa kipimo cha 1 hadi 5. Mandhari 5 hudai vifaa kama kamba au mtumbwi, si mahali pa kwenda na watoto. Kinachopendeza kwa mwenye trela ni makasha yanayofikika kwa miguu kutoka kambini.

Dhana: "Naweza kuficha langu popote, nikalifukia vizuri."

Ndoo ya Ulmer ilifukiwa nusu, na huenda dhana inatoka huko. Leo makasha hayafukiwi, na mwenye ardhi lazima akubali. Hifadhi nyingi za majimbo hudai kibali cha maandishi. Hifadhi za taifa haziruhusu chombo bila idhini, ndiyo maana huko hukutana zaidi na EarthCache, ambayo haina chombo, unajibu maswali ya miamba na ardhi. Kasha la safarini pia hukataliwa, kwa sababu mwenyewe lazima aweze kurudi kulitunza. Na ukikuta kibati chenye namba ya kufuatilia, hicho si cha kubadilishana: kihamishie kasha jingine na uandike umekipeleka wapi.

Dhana: "Hifadhini hakuna uwindaji."

Hifadhi nyingi za majimbo huruhusu uwindaji katika maeneo na majira maalumu, hasa wa kulungu wakati wa vuli. Soma kalenda ya hifadhi kabla ya kuingia porini na vaa fulana ya rangi ya chungwa kali. Dhidi ya kupe, nyunyizia nguo na viatu dawa ya wadudu iitwayo permethrin ya asilimia 0.5, sio ngozi, na ujikague mwili mzima ukirudi kambini. Mmea wa poison ivy, unaowasha ngozi, una majani matatu kwa kila kikonyo, na makasha mengi huwekwa kwenye mashina ya miti ambayo mmea huo hutambaa juu yake. Mafuta yake yakikugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usisahau kamba ya mbwa na simu yako.